Chama cha kwanza kikaenda upinzani: hesabu za uchaguzi wa British Columbia

Tarehe 9 Mei 2017 wananchi wa British Columbia, mkoa wa Kanada ulio kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, walichagua Bunge la mkoa wao. Chama cha Liberal kilipata viti 43, NDP (chama cha mrengo wa kushoto) 41, na Greens (chama cha wanamazingira) 3. Liberal waliongoza kwa viti na waliongoza kwa kura. Siku sabini baadaye aliyeapishwa kuongoza mkoa alikuwa John Horgan wa NDP, chama kilichoshika nafasi ya pili kwa yote mawili.

Hakuna kura iliyoibwa. Hakuna mahakama iliyotengua matokeo, na hakuna mbunge aliyehongwa. Msomaji aliyezoea kusubiri mwenyekiti wa tume asome jina la mshindi pale Bomas au Dodoma, kisha watu washerehekee au walie, atahisi pametokea ujanja. Haukuwepo. Kilichotokea ni kwamba swali la "nani ameshinda?" liliulizwa mara tatu, kwa wapiga kura, kwa wabunge na kwa mwakilishi wa Malkia, na kila mara jibu likawa na sura yake.

Tuanze na kilichomo ndani ya karatasi ya kura. Kanada ina mikoa kumi, kila mmoja una Bunge na serikali yenye mamlaka makubwa juu ya hospitali, shule, misitu na barabara. Kiongozi wa serikali hiyo huitwa Premier. Nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar nao walikuwa nacho hadi 2010. Mtu huyu hapigiwi kura na mkoa mzima. Mpiga kura wa Prince George au wa Surrey anapewa karatasi yenye majina ya wagombea wa jimbo lake tu, na mwaka ule majimbo ya uchaguzi yalikuwa 87. Anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Mpaka hapo ni kama kwetu.

Tofauti inaanzia pale ambapo sisi tungefungua sanduku la urais. Wao hawana sanduku hilo. Yupo Luteni Gavana, mwakilishi wa Malkia (siku hizi Mfalme), na kazi yake kikatiba ni kujua jambo moja: ni nani ambaye wabunge walio wengi watamuunga mkono? Mfumo huu si mgeni Afrika Mashariki kama unavyodhaniwa. Julius Nyerere aliingia madarakani 1960 kwa njia hii, na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu 1963 kwa njia hii hii, kabla nchi zote mbili hazijaamua kuwa na rais mtendaji. Wazee wetu walikuwa na uzoefu nao. Sisi ndio tumeusahau.

Sasa tatizo la kwanza: kura na viti haviendi sambamba. British Columbia ina mifano miwili inayoonyesha hilo kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1996 Liberal walipata asilimia 41.8 ya kura, NDP asilimia 39.5. Viti? NDP 39, Liberal 33. Waliopigiwa kura nyingi wakakaa upinzani miaka mitano. Kisha 2001 mambo yakageuka kichwa chini: Liberal wakapata asilimia 57.6 ya kura na viti 77 kati ya 79. NDP, wenye zaidi ya asilimia 21, wakabakiwa na wabunge wawili. Zaidi ya mpiga kura mmoja katika kila watano, wabunge wawili! Sababu ni kwamba kura unazozipata katika jimbo unaloshindwa hazikuletei chochote, na kura za ziada katika jimbo unaloshinda kwa kishindo nazo hazikuongezei kitu. Chama ambacho kura zake zimerundikana sehemu moja kinaweza kupata nyingi na kupoteza.

Mwaka 2017 jumla za vyama viwili vikubwa zilikaribiana kiasi cha kuchekesha. Liberal kura 796,672, NDP kura 795,106. Tofauti ni 1,566 katika mkoa wa watu karibu milioni tano. Greens nao walipata karibu asilimia 17, ambazo ziliwapa viti vitatu, vyote katika Kisiwa cha Vancouver.

Liberal, kwa jina lao hilo, wasimchanganye mtu. Hawakuwa tawi la chama cha Liberal cha taifa. Walikuwa muungano wa watu wa mrengo wa kulia na wa kati, waliokusanywa na hofu yao ya NDP. Walikuwa madarakani tangu 2001, na Christy Clark alikuwa Waziri Kiongozi tangu Machi 2011. Mashina yao yalikuwa maeneo ya ndani na ya kaskazini, kwenye misitu, migodi na mashamba ya mifugo. NDP waliwatoa jasho katika vitongoji vya Vancouver, ambako wakazi walichoka kulipia kila wanapovuka daraja la Port Mann kwenda kazini. Clark aliahidi kuweka kikomo cha dola 500 kwa mwaka. Horgan akaahidi kufuta tozo kabisa. Mtu anayevuka daraja lile asubuhi na jioni hakuhitaji mchambuzi wa kumsaidia kuchagua.

Tuingie sasa katika jimbo moja, Courtenay-Comox, kwenye Kisiwa cha Vancouver, maana ndilo lililobeba mkoa mzima. Usiku wa uchaguzi mgombea wa NDP, Ronna-Rae Leonard, alikuwa mbele ya Jim Benninger wa Liberal kwa kura tisa. Tisa! Na kazi ilikuwa haijaisha. Sheria ya mkoa ule inamruhusu mtu kupiga kura hata akiwa nje ya jimbo lake. Wakati ule kura yake iliwekwa kwenye bahasha ya siri isiyo na jina, bahasha hiyo ikatiwa ndani ya nyingine yenye jina na maelezo yake, kisha ikasafirishwa hadi jimbo lake. Huko maofisa walihakiki kwamba mtu huyo yupo kwenye daftari na kwamba hajapiga kura mahali pengine. Wakiridhika, ndipo bahasha ya ndani ilipochanganywa na nyingine na kufunguliwa. Kazi hiyo wakati ule ilikuwa ikianza siku 13 baada ya uchaguzi, na kwa mkoa mzima kura za aina hiyo zilizidi 170,000.

Kwa hiyo mkoa ulikaa wiki mbili bila kujua. Liberal walikuwa na sababu ya kutumaini: Comox ina kituo cha jeshi la anga, Benninger aliwahi kuwa kamanda wake, na ilidhaniwa kura za wanajeshi walio mbali zingemwendea yeye. Angeshinda, Liberal wangekuwa na viti 44 kati ya 87, yaani wingi kamili, na makala hii isingekuwa na la kueleza. Mahesabu yalipofungwa tarehe 24 Mei, Leonard alikuwa ameongeza pengo hadi kura 189. Kumbuka pia kwamba mgombea wa Conservative, chama kidogo wakati ule, alipata zaidi ya kura 2,000 jimboni humo. Si zote zingekwenda Liberal asingekuwepo, lakini walihitaji chache tu kati ya hizo.

Basi matokeo yakabaki 43, 41, 3. Hakuna mwenye 44. Tangu 1952 mkoa huo ulikuwa haujapata Bunge lisilo na chama chenye wingi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata Wakanada wenyewe. Watu husema "chama kilichoongoza ndicho kinapewa nafasi ya kwanza kuunda serikali." Hakuna sheria ya namna hiyo. Kanuni ni kwamba Waziri Kiongozi aliyepo anaendelea kuwepo mpaka ajiuzulu au Bunge limkatae. Clark hakubaki ofisini kwa sababu alikuwa na viti 43. Alibaki kwa sababu alikuwa tayari yumo. Angepata 41 na Horgan 43, bado angekuwa na haki ya kwenda bungeni kujaribu bahati yake. Nani amekuwa wa kwanza ni habari ya magazeti. Katiba inauliza nani ana 44.

Ufunguo ukawa mikononi mwa watu watatu wa Greens: Andrew Weaver, mwanasayansi wa tabianchi aliyegeuka mwanasiasa, pamoja na Sonia Furstenau na Adam Olsen. Walizungumza na pande zote mbili. Mwishoni mwa Mei wakatia saini na NDP. Wengi waliandika kwamba vyama hivyo vimeunda serikali ya mseto, na wakakosea. Greens hawakuchukua hata wizara moja. Waliahidi tu kwamba kwenye kura za imani na za bajeti watasimama na NDP, na kwa mengine kila mmoja apige kura anavyoona. Kwa malipo yake walipata orodha ndefu: kupinga upanuzi wa bomba la mafuta la Trans Mountain, bwawa la umeme la Site C lipitiwe upya, makampuni na vyama vya wafanyakazi wazuiwe kuchangia vyama vya siasa, na wananchi waulizwe kwa kura ya maoni kama wanataka mfumo mwingine wa uchaguzi. Suala la michango lilikuwa bichi, kwani mpaka wakati ule mkoa huo haukuwa na kikomo chochote cha fedha ambazo tajiri angeweza kukipa chama.

41 na 3 ni 44. Kwisha? Bado. Kuna kiti kimoja ambacho hakuna aliyekizungumzia kwenye kampeni, nacho ndicho kilichowakosesha usingizi: kiti cha Spika.

Kwa Mkenya jambo hili ni gumu kulielewa, kwa sababu katiba ya Kenya ya 2010 imelimaliza. Spika wa Bunge la Kenya hatakiwi kuwa mbunge. Moses Wetang'ula alipotaka uspika 2022 aliachia useneta wa Bungoma na uchaguzi mdogo ukafanyika. Hapigi kura kabisa, na kura zikilingana, hoja imeanguka. Tanzania nayo inaruhusu Spika atoke nje ya wabunge. British Columbia wao humtoa Spika miongoni mwa wabunge waliochaguliwa, naye akishakaa kitini hapigi kura isipokuwa pande mbili zikilingana. Na hata hapo desturi inamtaka asiwe yeye wa kutengeneza wingi ambao haupo: mjadala uendelee, sheria iliyopo isiguswe.

Fanya hesabu. NDP wakimtoa mtu wao awe Spika, wanabaki 44 kutoa mmoja: 43 kwa 43. Kila kura nzito ingemwangukia Spika, tena Spika anayetakiwa kutopendelea. Liberal wakimtoa wao, wanabaki 42 dhidi ya 44 na wanaanguka siku hiyo hiyo. Kila upande uliomba mwenzake ajitolee, na kila upande ukakataa. Ukiniuliza mimi, wiki zile za Juni zilikuwa darasa zuri kuliko kampeni nzima, maana zilimlazimisha mwananchi wa kawaida kujua Spika ana kazi gani.

Bunge lilipofunguliwa tarehe 22 Juni, Liberal ndio waliomtoa Steve Thomson awe Spika, kwa sababu bila Spika Bunge haliwezi hata kuanza. Siku hiyo ikasomwa hotuba ya ufunguzi, ile inayotaja mipango ya serikali. Clark alikuwa amejaza humo ahadi za wapinzani wake, zile alizozipinga kwenye kampeni mwezi mmoja na nusu nyuma, mpaka marufuku ya michango ya makampuni. Alikuwa kama mtu anayekwenda kuposa na barua iliyoandikwa na mshindani wake. Mwenye nyumba alijua mwandiko.

Tarehe 29 Juni Bunge likapigia kura hoja ya Horgan ya kutokuwa na imani na serikali. 44 ndiyo, 42 hapana. Serikali ya miaka kumi na sita ikaanguka.

Clark akaenda kwa Luteni Gavana, Judith Guichon, mama mfugaji wa ng'ombe kutoka bonde la Nicola aliyewahi kuongoza chama cha wafugaji cha mkoa. Mbele ya waandishi Clark alikuwa amesema hataomba Bunge livunjwe. Alipofika ndani, aliomba. Hoja yake ilikuwa Spika: Bunge la 43 kwa 43 haliwezi kufanya kazi, afadhali wananchi warudi kupiga kura.

Guichon alikuwa na njia mbili. Kwa kawaida mwakilishi wa Malkia hufuata ushauri wa Waziri Kiongozi, na anayekataa ushauri huo anajitosa kwenye siasa. Lakini ushauri huo una nguvu ukitoka kwa mtu mwenye imani ya Bunge, na Clark alikuwa ameipoteza jioni ile ile. Tena, uchaguzi ulikuwa na wiki saba tu, na mbele yake palikuwa na mtu mwenye saini za wabunge 44. Yalishatokea Ontario, mkoa mwingine wa Kanada, 1985: Conservative viti 52, Liberal 48, NDP 25. Wa pili na wa tatu wakaandikiana mkataba, serikali ya Frank Miller ikaangushwa bungeni, na David Peterson wa Liberal akapewa nafasi bila uchaguzi mpya.

Guichon alikataa kuvunja Bunge. Usiku huo huo akamwita Horgan na kumtaka aunde serikali. Naona alifanya sawa. Kama kila anayeshindwa bungeni angeruhusiwa kurudisha watu kwenye vituo mpaka wajibu anavyotaka, kura ya Mei isingekuwa na maana yoyote. Clark hakuvunja sheria kuomba. Alikuwa na haki ya kwenda bungeni na haki ya kuomba. Lakini kuomba si kupewa.

Thomson alijiuzulu uspika, na wengi wakaamini serikali mpya itakwama pale pale. Horgan aliapishwa tarehe 18 Julai, Clark akaacha uongozi wa chama na ubunge, na Bunge liliporudi Septemba likamkuta mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Darryl Plecas, mbunge wa Liberal kutoka Abbotsford South, aliyekuwa profesa wa elimu ya uhalifu, alikubali kuwa Spika. Chama chake kikamfukuza uanachama kwa hasira. Tanzania au Kenya mtu wa namna hiyo angejiweka hatarini, maana katiba zote mbili zinafunga ubunge na chama: Tanzania anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti, na Kenya anayejiuzulu chamani naye anakipoteza. Huko hakuna kifungo hicho. Plecas alibaki mbunge, akabaki Spika hadi 2020, na NDP pamoja na Greens wakabaki na 44 zao bila kutoa hata mmoja. Serikali ambayo wengi waliipa miezi michache ilidumu zaidi ya miaka mitatu. Tozo za Port Mann zilikuwa zimefutwa tarehe 1 Septemba, wiki moja kabla Plecas hajakaa kitini.

Ile kura ya maoni Greens waliyoipigania ilifanyika 2018 kwa njia ya posta. Asilimia 61.3 walisema mfumo wa zamani ubaki. Inashangaza kidogo, kwa sababu 2005 asilimia 57.7 ya watu wa mkoa huo huo walikuwa wametaka mabadiliko, ila sheria ilidai 60. Wanaolalamikia mfumo huwa wengi baada ya uchaguzi wenye matokeo ya ajabu, na kumbukumbu ya 1996 na 2001 ilikuwa bado mbichi 2005. Kufikia 2018 serikali ya NDP iliyoungwa mkono na Greens ilikuwa inafanya kazi kimya kimya na hasira ilikuwa imepoa.

Horgan mwenyewe aliukatisha mkataba mwaka 2020, akaitisha uchaguzi wa mapema katikati ya korona, na akavuna viti 57. Greens walilalamika kwamba ameghilibu. Walikuwa na hoja, lakini wapiga kura hawakujali.

Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2024, na hesabu zote zikarudi upya na wachezaji tofauti. Liberal walikuwa wamebadili jina kuwa BC United, na karibu miezi miwili kabla ya kura wakajitoa wenyewe kwenye kinyang'anyiro. Nafasi yao ilichukuliwa na Conservative, kile chama kidogo cha Courtenay-Comox, wakati huo chini ya John Rustad ambaye Liberal walimfukuza 2022. Majimbo yalikuwa yameongezwa hadi 93, hivyo namba ya kutafuta ilikuwa 47. Usiku wa uchaguzi haikujulikana nani anayo. Siku tisa baadaye, kura za mwisho zilipohesabiwa, jimbo la Surrey-Guildford likaenda NDP kwa kura 27. Jaji akasimamia kuhesabu upya: 22. Kwa kura hizo NDP ya David Eby ikafika 47, Conservative 44, Greens 2.

47 ni wingi, lakini toa Spika. Raj Chouhan wa NDP alirudi kwenye kiti hicho, na upande wa serikali ukabaki na 46 dhidi ya 46 kama wengine wote wataungana. Ndiyo sababu Eby, aliyekuwa na wingi mkononi, alikwenda kuongea na Greens wawili na kuandikiana nao makubaliano. Mei 2025 serikali ilipeleka muswada namba 15 wa kuharakisha miradi ya miundombinu. Greens waliukataa, Conservative wakaukataa, na wabunge waliokuwa wametoka Conservative nao wakaukataa. Kura zikawa 46 kwa 46. Chouhan akasimama, akapiga yake upande wa serikali, muswada ukapita.